Bomba la hewa nalo lipigwe gundi

Karibuni tena, mafundi wenzangu na wenye nyumba. Leo nipo saiti hapa Tabata, tunaunga bomba la plastiki la inchi 4 la choo pamoja na bomba lake la hewa.

Kata bomba liwe sawasawa, lisiende upande. Toa makapi kwa kisu, ndani na nje, maana yakibaki ndani yananasa karatasi na nywele. Ukingo wa nje upige tupa kidogo, usije ukakwangua gundi wakati unaingiza.

Jaribu kwanza kuliingiza kwenye soketi (kiungio chenye mdomo mpana) bila gundi, chora alama ya penseli linapoishia, kisha chomoa na ufute vumbi na maji. Paka praima, dawa ya kulainisha plastiki, kabla ya gundi. Paka gundi kwenye bomba na ndani ya soketi. Ingiza ikingali mbichi, ukizungusha robo mzunguko hadi kwenye alama, na ushikilie nusu dakika. Kwa jua letu la Dar gundi inakauka upesi, kwa hiyo usipake viungio vitatu kwa mpigo.

Kuchoma bomba kwa moto ili lipanuke, uokoe hela ya soketi, acheni jamani. Nilifundishwa hivyo nikiwa saidia fundi, na ni makosa: pale ulipopanua, bomba limekuwa jembamba. Kuziba kwa saruji nako kanuni ya mabomba ya Marekani, IPC, inakataza. Saruji haishikani na plastiki, udongo ukititia kidogo tu inapasuka.

Sasa bomba la hewa. Wengi wanalichomeka kavu, eti linapitisha hewa tu. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ambayo mama alikuwa ameshabadilisha kila aina ya dawa ya choo, harufu haiishi. Nikapanda darini: elbo ya bomba la hewa haina hata tone la gundi. Gesi yote ya shimo ilikuwa inashukia vyumbani walimolala watoto. Gundi ni ileile, na kipande kinacholala kiinamie kwenye choo ili unyevu urudi chini.

Gundi ikishakauka, ziba chini, jaza maji hadi kimo cha mita 3 na usubiri dakika 15. Pitisha karatasi kavu kila kiungio. Kinacholowanisha karatasi usikipake gundi juu. Kikate, uweke kipya.