Gari Likikatika Njiani, Piga Kwanza Simu ya Ukweli

Mbukwenyi wote! Haya kaeni, wa nyuma sogeeni mbele viti vipo. Nimeitwa niongee na nyie kuhusu safari kwa sababu wiki ijayo mnafunga chuo kwa ajili ya Krismasi, humu kuna wa Kigoma, wa Mwanza, wa Iringa, na mvua ndo hiyo imeanza. Mimi nafanya biashara ya mchele, nautoa Bahi naupeleka Morogoro, barabara ile naijua mchana naijua na usiku.

Najua wengi mnasema siku hizi kuna SGR, na kweli, tangu Julai 2024 inabeba abiria Dar mpaka hapa Dodoma, namshukuru Mungu kwa hilo. Ila nchi hii ya kati imeshakwamisha watu toka enzi za misafara ya kwenda Ujiji. Misafara ikifika Ugogo ilikuwa inasimama siku kadhaa watu wanajadiliana hongo na watemi, na hongo enzi hizo ilikuwa ushuru wa kupita na kunywa maji, sio hii rushwa tunayoijua sisi. Wajerumani wakaja na reli, wakaanza Dar mwaka 1905 wakafika Kigoma 1914, lakini Desemba 2009 maji yakaisomba ile reli kati ya Kilosa na Gulwe. Januari 2014 barabara ya Morogoro nayo ikakatika pale Dumila, mafuriko.

Na hili la maji nalisema kwa msisitizo wanangu. Makorongo yetu ni ya mchanga, saa sita mchana unavuka kwa miguu viatu vikavu, jioni maji yanakuja ya kifua na hapo ulipo halijadondoka hata tone, mvua imenyesha huko juu milimani. Kwa hiyo dereva akisimama kusubiri maji yapungue msimpigie kelele avuke. Mwacheni asimame hata usiku kucha, na mkiona anataka kuvuka ndo mpige kelele, hapo ndo mahali pake.

Sasa niwaambie kilichonibadilisha mimi. Nilikuwa natoka Morogoro nakuja huku kwenye sendofu ya mtoto wa dada yangu, sherehe saa moja jioni, na mimi ndo nimebeba vitenge vya kina mama, sare yao. Tumepita Gairo, kabla ya Pandambili, gari likakata difu. Saa kumi hiyo. Dada akapiga, uko wapi, nikamwambia tupo Kibaigwa dada tunakuja. Hatukuwa Kibaigwa! Basi kuanzia hapo nikawa nina kazi, kila akipiga lazima nisogeze gari kwa mdomo, tupo Mbande, tunaingia mjini, huku nimesimama kwenye majani naangalia saa, natamani kulia, konda nikamfokea, mtoto wa watu aliyekuwa chini ya gari na grisi mpaka kwenye nyusi.

Pembeni yangu alikaa mzee mmoja. Yeye gari liliposimama tu alishuka akamuuliza fundi, ni kitu gani na kitachukua muda gani, akajibiwa spea inatoka Dodoma. Akatoa simu, ile ya vitufe, akaongea kwa sauti kubwa kila mtu anasikia, "Mama Chiku, gari limekufa, nyie kuleni, mlango fungeni, nitakapofika nimefika." Dakika moja haikuisha, akazima simu kutunza chaji. Akafungua mfuko wa rambo akatoa viazi vitamu vya kuchemsha, vilikuwa vinne, akavikata kwa kisu kidogo chenye mpini uliofungwa mpira wa tairi, akavipanga juu ya gazeti, akaniambia, karibu mwanangu, we unatoka wapi na kwenu wapi.

Nimemfikiria sana mzee yule. Watu husema kuna mtu kaumbwa na moyo wa furaha, sikatai, ila kile alichofanya sio moyo tu, alijivua saa. Kule nyumbani hakuna anayemsubiri mlangoni, kwa hiyo akawa na nafasi ya kula, kucheka na kumbembeleza mtoto wa mama mmoja aliyekuwa analia joto. Mimi saa niliivaa mwenyewe na niliifunga kwa uongo. Wazee walisema msafiri maskini ajapokuwa sultani, na mimi naielewa hivi, ukiwa njiani hela zako na cheo chako haviwashi gari, unachobaki nacho ni mtu wa siti ya jirani, na huwezi kumwona kama macho yako yote yapo kwenye simu unatunga vituo.

Mambo mengine madogo nayapitia haraka. Kipande cha tiketi usitupe, mkifaulishwa kwenye basi lingine utaulizwa, na begi lako la kwenye buti lihamishwe ukiliona kwa macho yako. Beba chakula kisichochacha, karanga, viazi, na maji zaidi ya unavyodhani. Kama una usaili au mtihani safiri siku moja kabla, hapo sina maneno mengi.

Saa moja na nusu ndo nikampigia dada nikamwambia ukweli, dada nilikudanganya, tupo karibu na Pandambili gari bovu, vitenge ninavyo mimi nisameheni. Akanyamaza. Halafu akasema, "Ungesema saa kumi ningemtuma kijana na pikipiki akuwahi." Kina mama walicheza na nguo walizokuja nazo. Wakati nalia, yule mzee akanisogezea kiazi cha mwisho, akasema kula, usiku mrefu huu. Tukafaulishwa saa nne, na saa saba na robo usiku nikagonga dirisha la jikoni kwa dada, akafungua mwenyewe, hajavua nguo za sherehe, akashika vitenge kwanza akavinusa, ndo akanikumbatia.

Haya naona mkono kule nyuma, dada mwenye skafu nyekundu, uliza.