Mpaka Kwanza, Taifa Baadaye

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nitaanza na kisiwa kidogo kisicho na mkazi hata mmoja.

Kiko katikati ya mto Bidasoa, baina ya Ufaransa na Hispania. Wahispania wanakiita Isla de los Faisanes. Februari ikiingia kinakuwa cha Hispania hadi Julai iishe. Agosti Ufaransa inapokea zamu yake mpaka mwisho wa Januari. Kila mwaka hivyo hivyo. Na ni hapo hapo, Novemba 1659, ulipotiwa saini Mkataba wa Pirenei, uliosema milima ndiyo itakayotenganisha falme hizo mbili.

Kwenye karatasi ni jambo jepesi. Sasa twende kwenye bonde la Cerdanya, huko huko milimani. Bonde ni moja, watu ni wamoja, wanazungumza Kikatalani. Mwaka 1660 ikakubaliwa Ufaransa ichukue vijiji 33 vya bonde lile. Ilipofika zamu ya Llívia, Wahispania wakasema: hapana, mkataba unataja vijiji, na Llívia ni mji. Hoja ikapita! Hadi leo Llívia ni Hispania, na imezungukwa na Ufaransa pande zote. Neno moja tu.

Lakini chini, shambani, mpaka haukuonekana. Nguzo za mawe, 602 kwa hesabu, zilikuja kusimamishwa baada ya mikataba ya Bayonne, iliyoanza mwaka 1856. Kwa karibu miaka 200 basi, mkulima wa Cerdanya aliishi na mpaka ambao hauoni. Alioa ng'ambo, alikuwa na shamba ng'ambo. Ila siku alipogombania maji au malisho na kijiji cha pili, aligundua ana silaha mpya: akakimbilia serikali na kulalamika kwamba yeye ni Mfaransa na wale Wahispania wanamdhulumu. Jirani naye akapeleka malalamiko yake kwa mkuu wake. Pole pole, kwa kutetea mfereji na majani ya ng'ombe, watu wa bonde moja wakawa mataifa mawili.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Tumezoea kusimuliwa kwamba kulikuwa na taifa, likajitafutia dola na mipaka. Mara nyingi imekuwa kinyume chake: mstari ulitangulia, watu wakaufuata. Hata Ufaransa yenyewe, ambayo wengi huitaja kama mfano wa taifa lililokomaa! Mwaka 1794 kasisi Henri Grégoire aliliambia bunge la mapinduzi kwamba Wafaransa wasiopungua milioni 6, hasa wa vijijini, hawakijui Kifaransa. Shule na kambi za jeshi ndizo zilizokuja kuwafanya Wafaransa, na hawakuulizwa kama wanataka.

Kwa hiyo mtu akiniambia mipaka ya Afrika ni ya bandia, huwa namuuliza: ipi isiyo ya bandia? Ubaya wa ile ya wakoloni ni kwamba aliyechora hakuishi hapo wala hakulipia makosa yake. Viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, walipokutana Cairo Julai 1964, waliamua kuiheshimu mipaka waliyoikuta wakati wa uhuru. Somalia na Moroko zilikataa. Wapo wanaosema ule ulikuwa woga. Mimi naona walipiga hesabu ya damu. Hata hivyo mlango haukufungwa kabisa: Eritrea ilijitenga mwaka 1993, Sudan Kusini mwaka 2011.

Aliyechora bila kuishi hapo, mfano wake mkali zaidi ni Cyril Radcliffe, mwanasheria Mwingereza. Alifika India Julai 1947, hakuwahi kukanyaga huko kabla, akapewa kama wiki tano kuyagawa majimbo ya Punjab na Bengal baina ya India na Pakistan. Mstari wake ulitangazwa Agosti 17. Uhuru ulikuwa umeshapatikana siku mbili kabla, kwa hiyo wako watu waliosherehekea bila kujua wamo nchi gani.

Huko Bengal, ambako upande wa Pakistan baadaye ulikuja kuwa Bangladesh, vilibaki vipande 162 vya ardhi vya nchi moja vilivyomezwa na nchi ya pili. Kimoja, Dahala Khagrabari, kilikuwa shamba la juti: ardhi ya India ndani ya ardhi ya Bangladesh, ndani ya ardhi ya India, ndani ya Bangladesh. Jaribuni kuchora. Wakazi wa vipande hivi waliishi bila shule wala hospitali za serikali yao, na wazazi walidanganya anwani ili mtoto aandikishwe darasani.

Usiku wa manane wa Julai 31, 2015, nchi hizo mbili zilibadilishana vipande, na kila mkazi akaachiwa achague uraia. Upande wa Bangladesh walikuwapo takriban watu 37,000 walioishi kwenye ardhi ya India. Waliochagua kuhamia India hawakufika 1,000. Waliobaki walilala ardhi ya India, wakaamka Bangladesh, kwenye kitanda kile kile.