Sindano Kavu: Usilale Kitandani Kabla Hujauliza

Wazee wangu, akina mama, na ninyi vijana wa mizigo hapa bandarini Kigoma, karibuni.

Sindano hii ya kutuliza maumivu ya misuli inaitwa sindano kavu kwa sababu haina dawa. Haina hata tundu la kupitishia dawa: ni waya mwembamba wa milimita 0.25 au 0.30, wakati ile ya kuchoma dawa hufika 0.6 au 0.8. Wala si hijama. Hapa huchanjwi, damu haivutwi.

Mtaalamu hupapasa msuli akitafuta fundo, kigumu kama punje ya harage. La kati ya shingo na bega, pale gunia linapokaa, huweza kupeleka maumivu mpaka kichwani. Akilipata, anasafisha ngozi na kuchoma. Msuli unaweza kuruka ghafla, kama kope inavyocheza. Tulia, usijitikise. Unachomwa ukiwa umelala kwa sababu wapo wanaozimia, na aliyelala haanguki. Kesho yake panauma kama mtu aliyeshika jembe baada ya miezi. Siku moja au mbili, hivi.

Sasa bega hilohilo lina hatari yake. Chini ya msuli ipo ncha ya pafu. Sindano ikizama vibaya, pafu linatoboka na hewa inavujia kifuani. Ni nadra, ila dalili huweza kuchelewa saa kadhaa, umeshafika kwako Ujiji: kifua kinachoma ukivuta pumzi, unahema, kikohozi kikavu. Usingoje kuche. Nenda hospitali, sema wazi, “Leo nimechomwa sindano begani,” upigwe picha ya kifua.

Kabla ya kuchomwa, taja ujauzito, na dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini. Pakiti ifunguliwe mbele yako. Sindano ikishatumika iingie boksi la usalama. Ya kuchemshwa ikataeni, hata kwa bei ya bure: VVU na homa ya ini havina huruma.

Nafuu yenyewe mara nyingi ni ya muda mfupi, na ukirudi kubeba mizigo kwa bega lilelile, fundo nalo linarudi. Anayekuchoma bila kukufundisha mazoezi amekufanyia nusu ya kazi. Haya, kaeni wima. Mkono wa kulia ushike kiti kwa chini, kichwa kiegemee kushoto taratibu, mpaka shingo ivutike bila kuuma. Tuhesabu hadi 30, kisha upande wa pili.