Mwanafunzi wa Kinanda na Kibonyezo cha Transpozi

Ndugu walimu wa kwaya, na ninyi vijana mliokuja na madaftari,

Waliowahi kunisikia wanajua nitakapoanzia, na nimewaona wawili pale nyuma wakitabasamu kabla sijafungua mdomo. Nitaanzia hapo hapo, kwa sababu kila ninapoletewa mwanafunzi mpya wa kinanda namkuta rafiki yake ameshamfundisha jambo moja, nalo ni kubonyeza transpozi, kile kibonyezo cha kinanda cha umeme kinachohamisha sauti zote juu au chini, ili vidole vyake vikae kwenye C daima, juu ya vitufe vyeupe, huku spika zikitoa ufunguo wowote ambao kwaya imeutaka.

Mimi mwenyewe nilipiga hivyo kwa miaka minne. Siku moja niliitwa kwenye ibada ya mazishi, mahali palipokuwa na piano halisi, ile ya mbao na nyuzi, yenye vitufe 88. Nilipoketi, macho yalitafuta kibonyezo changu kabla ya kitu kingine chochote. Hakikuwapo, hata waya wa umeme haukuwapo. Mwalimu wa kwaya akaninong'oneza, "Doh ni A flati," yaani skeli, ile ngazi ya sauti za wimbo, inaanzia kwenye kitufe cheusi kilicho kabla ya A, nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kwaya ikaingia kwa A flati, mimi nikaingia kwa C, na ubeti wa kwanza ukawa ugomvi mbele ya jeneza. Ubeti wa pili niliweka mikono magotini, wakaimba peke yao, na sina budi kukiri kwamba waliimba vizuri zaidi. Baadaye, nje, mama mmoja aliniuliza kwa upole kama nilishindwa kupiga kwa sababu ya uchungu wa msiba. Nilimjibu kwamba ndiyo.

Najua atainuka mtu anitajie Irving Berlin, Mmarekani aliyetunga mamia ya nyimbo huku akipiga karibu kila kitu kwenye F shapu, kwa piano maalumu yenye wenzo wa kuhamisha ufunguo. Ni kweli kabisa. Lakini Berlin alikuwa na watu wa kumwandikia nota, na piano ilikuwa yake. Wewe unapiga kinanda cha parokia, ambacho wiki ijayo huenda kikawa kwa fundi.

Mwingine atasema kwamba solfa, ile ya kuimba kwa doh, re, mi, yenyewe ni transpozi, kwa kuwa doh huhamia popote. Ndugu yangu, hapo umenisaidia. Mwanakwaya anapoambiwa doh imehama, koo lake huhama nayo bila kulalamika. Ninachodai ni kwamba vidole navyo vifundishwe kuhama. Mwanafunzi apige d r m f s, yaani doh hadi soh, kuanzia C, kidole kimoja kwa kila sauti, kisha kuanzia G, ambako atashangaa kuona vitufe vyote vitano bado ni vyeupe. Akianzia D, m itamdai F shapu. Akianzia F, f itamdai B flati. Kwa hiyo, ndani ya muda mfupi, ameshahama mara tatu na amegusa vitufe vyeusi viwili tu, na sikio lake, ambalo kwaya imelilea tangu utotoni, ndilo linalomsahihisha. Wala vitufe vyeusi si adhabu: Chopin, mtunzi na mwalimu wa piano, aliwaanzisha wanafunzi wake kwa skeli ya B, kwa sababu vidole virefu hutua vyenyewe juu ya vile vyeusi, na ile ya C, ambayo sisi tunaiita rahisi, aliiona kuwa ngumu kwa mkono.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo yaliyobaki nayapitia mbiombio. Kidole gumba ni namba 1 katika mikono yote miwili. Katika skeli ya C, mkono wa kulia hupiga 1 2 3, kisha gumba hupita chini, halafu 1 2 3 4 5. Kila mkono ujifunze peke yake kabla ya kuunganishwa na mwenzake. Kinanda cha vitufe 61 kinamtosha anayeanza, mradi sauti yake iongezeke kidole kinapokaza. Kuhusu pedali nilikuwa na ukurasa mzima, naukunja.

Kijana mwenye shati la bluu, njoo hapa mbele ukae. Zima hiyo transpozi, kisha unitafutie doh kwenye A flati.