Mkimbiaji wa Ridhaa na Uwanja wa Chuo Kidogo

Ndugu mwenyekiti, makocha, wanariadha wenzangu, na wazazi mliofika,

Kiswahili kimetuwekea maneno mawili yanayokaribiana sana kwa sauti, riadha na ridhaa. Hayana asili moja, lakini kwa miaka yote ambayo nimeendelea kushindana nikiwa mtu mzima mwenye kazi na familia, nimeona kwamba neno la pili ndilo linalonieleza la kwanza. Mchezaji wa ridhaa ni yule anayecheza kwa kuridhia mwenyewe: hakuna mkataba unaomwamsha alfajiri, na akiacha kesho hakuna wa kumdai. Nitakayoyasema leo yanahusu mahali nilipoiona ridhaa hiyo waziwazi kuliko kwingine kokote, yaani riadha ya vyuo vidogo vya Marekani, ambayo nimeifuatilia kwa miaka ileile ninayokimbia.

Niueleze mpangilio wenyewe kwa kifupi. NCAA, chama kikubwa cha michezo ya vyuo nchini humo, kiligawa vyuo vyake katika divisheni tatu mwaka 1973. Divisheni ya Kwanza ndiyo inayoonyeshwa kwenye televisheni. Divisheni ya Tatu, yenye vyuo zaidi ya 400, hairuhusiwi kumlipia mwanafunzi masomo kwa sababu ya michezo; anaweza kusaidiwa kwa ajili ya alama zake za darasani au kwa sababu familia yake haina uwezo, lakini hawezi kusaidiwa kwa ajili ya muda wake wa mita 1,500. Nje ya NCAA ipo NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, ambayo mizizi yake ni mashindano ya mpira wa kikapu yaliyoanza Kansas City mwaka 1937, na ambayo inaruhusu ufadhili wa michezo ingawa vyuo vyake vingi ni vidogo.

Watu huuliza kwa nini chuo chenye wanafunzi wachache kigharimie timu ya riadha ambayo haiuzi tiketi. Jibu ni kwamba katika vyuo vingi vya aina hii timu ndiyo inayomleta mwanafunzi. Kijana anayetaka kuendelea kukimbia baada ya sekondari huchagua chuo kitakachompa nafasi ya kukimbia, naye hulipa ada kama wengine. Kwa hiyo kocha mara nyingi hana sababu ya kumfukuza asiye na kasi kubwa, na kikosi kinakuwa na watu wa kila kasi, kuanzia anayewania ubingwa wa taifa hadi anayemaliza mita 5,000 wakati wenzake wamekwisha kuvaa suruali za mazoezi. Mimi ni ndugu wa huyo wa mwisho, na ndiyo sababu mlango wake ulifunguka hata kwangu.

Mlango huo ni mashindano ya wazi. Mwanzoni mwa msimu, vyuo vingi huandaa mashindano ambayo mtu asiye na chuo wala klabu anaweza kujiandikisha, akalipa kiingilio, na kuandikwa kwenye orodha kuwa hana timu. Hapewi alama hata akishinda. Hupangwa kwa muda aliojiandikishia, na makundi ya polepole mara nyingi hukimbia kwanza. Sisi wenye umri wa miaka 35 na zaidi tunayo mashindano yetu ya wakongwe, ambayo yalipata ubingwa wa dunia wa kwanza mjini Toronto mwaka 1975, na ambamo watu hugawanywa kwa makundi ya miaka mitano mitano. Nayapenda na ninayahudhuria. Lakini mkimbiaji wa mita 800 anahitaji watu wa kukimbizana nao zaidi ya mara mbili kwa mwaka, na hao niliwapata kwa wanafunzi.

Naomba mnivumilie nieleze kosa langu moja, kwa sababu lilinifundisha kuliko mafanikio yoyote. Ilikuwa Aprili, kundi la kwanza la mita 800, nami nilikuwa njia ya sita, namba ya karatasi imebandikwa kwenye nyonga yangu. Katika mbio hizi kila mmoja hubaki kwenye njia yake hadi mwisho wa kona ya kwanza, kisha anaruhusiwa kuingia ndani. Mkimbiaji mwenye busara huingia taratibu, akiikata kwa mshazari sehemu yote iliyonyooka, kwa kuwa kukata ghafla humwongezea umbali bila faida. Mimi nilikata ghafla. Nilisikia njumu zikikwaruza nyuma yangu, na mkono ukanigusa mgongoni, si kwa kunisukuma bali kwa kujizuia asianguke. Alikuwa kijana wa chuo mwenyeji, aliyekuwa akitafuta muda wa kuingia kwenye mbio za mkutano wao, yaani kundi la vyuo jirani vinavyoshindana kila mwaka. Alipoteza hatua tatu au nne, na akaukosa muda ule kwa chini ya nusu sekunde.

Nilimwendea baada ya mbio kumwomba radhi. Alikuwa ameinama, mikono magotini, akasema hakuna neno. Lakini lilikuwepo neno, nami nililijua. Kijana yule ana misimu minne tu, na mbio ninazoweza kuzirudia mwakani kwake huenda zisirudi. Tangu siku ile nimejiwekea sharti kwamba mimi ni mgeni uwanjani, na mgeni akiona mwenyeji anapita, humpisha.

Kosa hilo lilinibadilisha namna ya kutazama. Zamani nilifuatilia vyuo vidogo kwa kuwahesabu mabingwa wao, na mabingwa wapo. Edwin Moses alisoma Morehouse College, Atlanta, kwa ufadhili wa masomo ya darasani, katika chuo ambacho hakikuwa hata na uwanja wa kukimbilia; alifanya mazoezi kwenye viwanja vya shule za jirani, kisha akashinda mita 400 kuruka viunzi kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 kwa sekunde 47.63, rekodi ya dunia, akipiga hatua 13 kati ya kiunzi na kiunzi. Baadaye alishinda mbio 122 mfululizo, kuanzia 1977 hadi 1987. Mkenya Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, alisoma Eastern New Mexico University. Nick Symmonds alitoka Willamette University, ya Divisheni ya Tatu, akapata fedha ya mita 800 kwenye ubingwa wa dunia mjini Moscow mwaka 2013.

Nawaheshimu wote watatu. Hata hivyo, sikubaliani na wale wanaoutetea uwanja mdogo kwa majina makubwa tu, kana kwamba thamani yake ni kutuletea Moses mwingine. Wengi wanaokimbia pale hawatajulikana na yeyote nje ya mkutano wao. Katika mashindano ya mkutano, kwa kawaida alama hutolewa kwa wanane wa kwanza: 10, 8, 6, 5, 4, 3, 2, na 1. Ukitaka kuujua mchezo huu, acha kumtazama anayeongoza, umtazame aliye wa nane na aliye wa tisa katika mita mia za mwisho. Kati yao kuna alama moja, na kwa ajili ya alama hiyo nimemwona mwanafunzi aliyekwisha kukimbia mita 1,500 akirudi jioni kukimbia mita 5,000, kwa sababu tu kocha alimwomba naye akaridhia.

Kijana niliyemziba aliupata muda wake wiki mbili baadaye. Niliyasoma matokeo usiku uleule. Mwezi Mei nilikwenda kwenye mashindano ya mkutano wao, nikasimama kwenye kona ya mwisho nikiwa na saa mkononi. Kengele ilipolia alikuwa wa kumi. Alimpita mmoja kwenye kona, na mwingine mita tano kabla ya mstari, kifua mbele na kichwa kimeinama upande. Alipoinuka hakuangalia ubao wa muda. Alimgeukia mwenzake aliyekuwa ukingoni na daftari, akauliza, “Sasa tuna ngapi?”