Land Cruiser mkonga: chagua mwenyewe kifaa kitakachokatika

Habari zenu wadau. Leo tupo uani hapa Tabata na mkonga hii, yaani Land Cruiser yenye bomba la hewa lililopanda juu, injini yake ya dizeli ya 1HZ. Mwenyewe ameshafunga tairi za inchi 33 na loki ya difu ya nyuma, ile inayolazimisha tairi zote mbili za nyuma zizunguke pamoja. Sasa anataka hafu shafti, vile vyuma vinavyotoka kwenye difu kuzungusha tairi, ziwe za kromoli, chuma kigumu zaidi. Kabla hatujashika spana, nisikilizeni.

Injini hii inasokota kwa Nm 285. Tuseme gia ya kwanza inazidisha mara 4, gia nzito ya kupitia njia mbaya mara 2.5, difu mara 4. Hiyo ni mara 40! Tairi likinasa, nguvu hiyo inatafuta pa kutokea. Tairi kubwa nalo ni sawa na kurefusha mpini wa spana. Na loki ndiyo kubwa kuliko yote: bila loki, kila hafu shafti ya nyuma inabeba nusu, ukiifunga, na tairi moja likiwa hewani, lililobaki chini linabeba mzigo wote.

Sasa ukiweka shafti ngumu, mzigo hauondoki, unahamia kwenye meno ya pinioni, ile gia ndogo ndani ya difu. Pinioni ikivunjika porini unarudi mjini juu ya lori. Hafu shafti ya gari hili unaibadilisha chini ya mwembe, kwa sababu uzito wa gari unabebwa na habu, shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Ndiyo maana mimi namshauri abaki na za kiwandani, anunue ya akiba. Pima urefu wa kushoto na kulia. Zikipishana, beba zote mbili. Na iliyokatika usiipeleke ikachomelewe. Moto wa kuchomelea unaua ugumu wa chuma.

Haya, tuanze. Zuia tairi kwa mbao, mbele na nyuma, maana shafti ikitoka gia haishiki gari tena. Shika propela shafti, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye difu, itikise. Krosi, yaani jointi yake, ikicheza, au ukiona unga mwekundu wa kutu pembeni ya vikombe vyake, badilisha. Ikiwa nzima, piga grisi mpaka ya zamani itoke kwenye vikombe vyote vinne.

Twende kwenye difu. Fungua kwanza nati ya kujazia, ndipo ufungue ya chini. Ukimwaga oili halafu ya juu ikagoma, gari haliendi popote. Sogeza kamera hapa, dogo. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Unga laini wa chuma kwenye nati ni kawaida, vipande si kawaida. Tunajaza oili ya gia 85W-90 ya daraja la GL-5. Kisha panda na mpira wa kipumulio cha difu mpaka juu, karibu na injini. Difu ya moto ikizama kwenye maji ya baridi, hewa ndani inanywea na kuvuta maji kupitia sili. Masika ya Dar mnayajua.

Sasa zoezi ambalo nataka kila mmoja wenu alifanye nyumbani, mchana, kabla ya safari. Legeza nati za flenji ya hafu shafti, lile bamba la mwisho wake lililofungwa kwenye habu, ziache zikae kwenye nyuzi chache. Gonga flenji kwa nyundo mpaka vikoni, zile pete ndogo za umbo la koni chini ya nati, viruke. Toa nati, vuta shafti. Ikiwa imekatika, kipande cha ndani kitoe kwa sumaku yenye mpini mrefu, na usiendeshe kabla hujapata vipande vyote. Rudisha mpya na gasketi yake, kaza nati kwa zamu.

Kesho tunaijaribu kwenye mchanga wa Kigamboni, upepo wa tairi psi 18. Usukani ukiwa umekata mpaka mwisho, usikanyage mafuta: jointi za mbele hukatika hapo. Na tairi likianza kurukaruka, ondoa mguu papo hapo, rudi nyuma kidogo, jaribu tena polepole.