Stakabadhi Bila Korosho: Memori Kadi Feki Zinavyotupiga

(Mhadhara kwa mafundi simu na wauza vifaa, Mtwara mjini)

Habari za asubuhi, wenzangu. Najua mmefunga vibanda na msimu ndiyo huu, hela ya korosho ndiyo kwanza inaanza kuingia mifukoni mwa watu, kwa hiyo sitazunguka.

Kadi hii niliyoshika imeandikwa GB 128. Ukiichomeka kwenye simu, simu nayo inasema 128. Niliinunua mwenyewe kwa muuzaji wa jumla Dar, boksi zima, nikalipandisha basi mpaka hapa. Ndani mna GB 8 hivi, basi.

Mpiga video mmoja wa Newala alinunua mbili kwangu, ana kazi ya sherehe ya kuwatoa wali unyagoni. Karekodi siku nzima: ngoma, wali wanatoka na khanga mpya, mabibi wanatuza. Jioni anafungua, majina ya faili yote yapo, ukubwa wa kila faili upo, akibonyeza ni giza. Za asubuhi tu ndizo zinacheza. Alinirudia wala hakupiga kelele. Aliiweka kadi mezani akaniuliza, "Fundi, hawa watoto nikawatoe tena?" Nilimrudishia hela ya kadi. Ile sherehe ningeirudishaje?

Sasa huu ujanja unafanyikaje? Sisi wa huku tunaujua mfumo wa stakabadhi ghalani. Unapeleka magunia, karani anapima, anaandika, unapewa karatasi. Ndani ya kila memori kadi mna ghala, yaani chipu ya kuhifadhi, na mna karani, kichipu kidogo chenye programu yake. Simu haiingii ghalani hata siku moja. Inazungumza na karani tu. Wahuni wanachofanya ni kumbadilisha karani maneno. Ghala la magunia 8, yeye anasema 128. Ukileta la tisa anaandika "limepokelewa", anakukatia stakabadhi, gunia analitupa nje. Makarani wengine wabaya zaidi: wanalipanga juu ya lile la kwanza, ndiyo maana kuna kadi ambazo picha za zamani ndizo zinaanza kuharibika. Mwaka 2013 wataalamu wawili, Andrew Huang na Sean Cross, walionyesha kule Hamburg kwamba karani huyu ni kompyuta kamili inayoweza kupewa programu nyingine.

Ndiyo maana kuformati hakusaidii. Unafuta daftari, karani ni yule yule.

Kwa macho, mengi mnayajua: maandishi yaliyofifia, pakiti yenye makosa ya herufi. Mimi siyaamini sana, wachapaji wao siku hizi ni wazuri. Lakini kimoja nakiangalia kila mara. Alama ya HC ni ya kadi za juu ya GB 2 mpaka 32. Kuanzia hapo kwenda juu, mpaka TB 2, ni XC. Ukiona imeandikwa GB 128 halafu ina HC, rudisha hapo hapo. Na TB 1 kwa bei ya chipsi mayai sahani mbili, jamani, hiyo hata usiishike.

Tusiwaonee wauzaji pia. Kadi ya 128 ikisoma 119 kwenye Windows siyo feki. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Na kadi ya 64 ikikataliwa na simu ya batani, mara nyingi ni simu hiyo haijui exFAT, mpangilio wa faili wa kadi kubwa. Nimewahi kumgombeza mtu bure kwa hilo.

Kipimo chenyewe ni kuijaza. Kwenye kompyuta ya Windows tumia programu ya H2testw, kwenye Linux F3, zote za bure. Zinajaza kadi mpaka pomoni, kisha zinasoma kilichoandikwa na kukwambia ngapi zimekutwa salama na ngapi zimepotea. Kadi ikiandika MB 10 kwa sekunde, 128 inakula saa tatu na nusu kuandika tu, kwa hiyo iache usiku. Ukiwa na haraka ipo ValiDrive, inapima sehemu 576 kadi nzima kwa dakika chache. Hiyo inataka kadirida ya USB, kile kifaa cha kusomea kadi. Nakala ya vitu vya mteja kwanza, maana ukijaza kadi yenye picha zake unaweza kumharibia wewe mwenyewe.

Huna kompyuta? Jaza video mpaka simu ikatae, toa kadi, zima simu, washa, rudisha kadi, fungua za mwanzo na za mwisho. Ule mzimo na uwasho msiuruke, bila huo simu inaweza kukuonyesha kilichobaki kwenye kumbukumbu yake yenyewe.

Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu feki, tulikuwa na *#06# ya kukagulia IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Memori haina IMEI, hakuna wa kukuzimia. Na Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 inamhusu anayeuza pia, FCC, Tume ya Ushindani, wakija kibandani hawatakuuliza habari za Dar.

Dada pale nyuma anauliza: tayari ninazo thelathini, nizifanyeje? F3 ina njia ya kuirudisha kadi kwenye ukubwa wake wa kweli. Nilijaribu, nikaandika "GB 7" kwa peni, nikauza kwa bei hiyo. Mbili kati ya tano zilikufa kabla ya mwezi; chipu zenyewe nyingi ni masalia. Zilizobaki nimezikata kwa mkasi wa bati.

Haya, leteni mlizokuja nazo. Wa kwanza achukue kadirida nyeusi, hii ya bluu waya wake unachezacheza.